Kizigeu cha Peleti: Namba Isiyo ya Peleti Peke Yake

Peleti ya bunduki ya upepo yenye kipenyo cha milimita 4.5 na uzito wa gramu 0.547, ikitoka mtutuni kwa kasi ya mita 240 kwa sekunde, hubeba nishati ya karibu jouli 15.8. Ikifika mita 50 mbele, kasi imeshuka hadi kama mita 173 kwa sekunde na nishati iliyobaki ni jouli 8 na kidogo. Karibu nusu imeliwa na hewa tupu kabla peleti haijagusa kitu. Risasi ya bunduki ya baruti ya kipenyo cha inchi 0.308, katika umbali huohuo, haipotezi hata sehemu moja ya kumi ya nishati yake. Tofauti hiyo hufupishwa katika namba moja ndogo iitwayo kizigeu cha balistiki: risasi nzuri ya baruti ya aina hiyo ina takriban 0.46, peleti yetu ina 0.021.

Yeyote anayelenga shabaha nje ya ukumbi kwa bunduki ya upepo atakutana na namba hii, apende asipende. Programu za simu zinazokokotoa mteremko wa peleti huidai kabla hazijatoa jibu. Orodha za watengenezaji huitaja. Wenye bunduki hubishana juu yake kutwa kucha, na kwa maoni yangu ubishi huo mwingi una chanzo kimoja. Watu hukichukulia kizigeu kuwa sifa ya peleti, kama ulivyo uzito wake au kipenyo chake. Kumbe ni kipimo cha safari: peleti fulani, iliyotoka katika mtutu fulani, kwa kasi fulani, katika hewa fulani. Asiyelishika hilo anaweza kupima kwa uangalifu wote na bado akaishia na namba isiyomfaa.

Namba yenyewe ilizaliwa kwenye mizinga. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu kuhusu kanuni za upigaji mizinga, akaeleza jinsi alivyopiga risasi kwenye pendulamu nzito na kupima ilivyosukumwa nyuma, ili kutokana na hapo ajue kasi ya risasi. Alipopiga kutoka umbali tofauti aliona kwamba hewa huizuia risasi kuliko wataalamu wa wakati wake walivyodhani. Kila kinachofanywa leo kinasimama juu ya jaribio hilo: pima kasi karibu, pima kasi mbali, hesabu kilichopotea. Katika miaka ya 1860 Francis Bashforth, aliyewafundisha hisabati maofisa wa mizinga huko Woolwich, alitengeneza kronografu ya umeme iliyorekodi muda wa kombora moja kupita viwambo kadhaa vilivyopangwa kwa mstari. Baadaye data za majaribio ya kiwanda cha Krupp cha Ujerumani zilimfikia jenerali wa Urusi Nikolai Mayevski, aliyezigeuza kuwa kanuni za hisabati. Naye James Ingalls wa jeshi la Marekani akazifanyia majedwali ambayo ofisa yeyote angeweza kuyatumia.

Wazo lililowaunganisha watu hao lilikuwa la kuokoa kazi. Badala ya kupima kila kombora upya katika kila kasi, pima moja la kielelezo kwa makini, kisha useme kombora lako linapoteza kasi mara ngapi kulinganisha na hilo. Kielelezo kinachotumika zaidi leo huitwa G1. Kina uzito wa pauni 1, kipenyo cha inchi 1, kitako bapa na pua iliyochongoka kwa upinde mfupi. Kizigeu chake ni 1. Peleti ya 0.021 hupunguza kasi kama mara 48 kuliko kielelezo hicho vikiwa katika kasi moja.

Kwenye karatasi, kizigeu ni uzito kwa pauni, ugawanywe kwa mraba wa kipenyo kwa inchi, kisha jibu ligawanywe kwa kigezo cha umbo. Peleti yetu ina greni 8.44, na greni 7,000 hufanya pauni 1. Kipenyo ni inchi 0.177. Hesabu ya kwanza inatoa 0.0385. Kama ingekuwa na umbo la G1, hicho ndicho kingekuwa kizigeu chake. Kwa kuwa safari halisi inatoa 0.021, kigezo cha umbo ni karibu 1.8, yaani hewa inaikinza peleti hii mara 1.8 ya ambavyo ingekikinza kielelezo cha unene uleule. Hiyo 1.8 haipatikani kwa kuitazama peleti wala kwa kuipima kwa rula. Ndiyo maana lazima upige.

Hata hivyo inafaa kuitazama, kwa sababu umbo linaeleza mengi. Peleti ya kawaida, ile ya diabolo, ina kichwa kizito, kiuno chembamba na sketi nyembamba iliyo wazi ndani. Hewa iliyobanwa ikiisukuma kutoka nyuma, sketi hutanuka, hushika mifuo ya mtutu na kuziba hewa isivuje. Ikishatoka, uzito uko mbele na ukinzani uko nyuma, kwa hiyo peleti hujielekeza yenyewe kama ule mpira wa vinyoya wa badminton, juu ya uthabiti inaoupata kwa kuzunguka. Gharama ya faida hiyo ni kubwa. Kiuno huvuruga mkondo wa hewa, na nyuma ya sketi iliyo wazi hubaki eneo la kanieneo ndogo linaloivuta peleti nyuma muda wote. Katika kasi zilizo chini ya kasi ya sauti, kinachotokea nyuma kina uzito kuliko ukali wa ncha. Kwa hiyo peleti zenye ncha kali, zinazouzwa kwa mvuto wa sura yao, kwa kawaida haziishindi peleti ya kichwa cha mviringo. Peleti ya kichwa bapa ndiyo dhaifu zaidi hewani, lakini hutoboa karatasi kwa tundu safi la mviringo ambalo mwamuzi hulisoma bila shaka. Katika bunduki ya upepo ya mita 10, mchezo ulio katika Olimpiki tangu 1984, tundu hilo ni muhimu kuliko kizigeu, na umbali ni mfupi mno kwa hewa kuleta madhara ya kuhesabika.

Sasa tupime. Njia ninayoiamini zaidi ni ya kronografu mbili. Kronografu za kawaida ni vifaa vyepesi: peleti hupita juu ya macho mawili ya mwanga, na saa ya kielektroniki hupima muda kati ya jicho la kwanza na la pili. Weka moja karibu na mdomo wa mtutu na nyingine mita 30 mbele, umbali huo ukipimwa kutoka katikati ya kifaa hadi katikati ya kifaa. Tuseme ya kwanza imesoma 240 na ya pili 197. Kwa kuwa katika kasi hizi ukinzani wa hewa hufuata kwa karibu sana mraba wa kasi, kila mita hula asilimia ileile ya kasi iliyopo wakati huo. Gawanya 240 kwa 197, upate 1.218. Logi asilia yake ni 0.197. Igawanye kwa mita 30, upate 0.0066. Peleti inapoteza takriban asilimia 0.66 ya kasi yake kila mita moja.

Kuigeuza iwe kizigeu cha G1, gawanya 0.00014 kwa kiwango hicho. Jibu ni 0.021. Ile 0.00014 imekusanya densiti ya hewa ya kawaida usawa wa bahari, ambayo ni kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, pamoja na ukinzani wa G1 katika kasi za aina hii na ubadilishaji wa vipimo kutoka mita kwenda pauni na inchi. Angalia kisichokuwemo katika hesabu: uzito haumo, wala kipenyo hakimo. Vyote viwili hujifuta njiani. Aliye na kasi mbili na umbali sahihi hahitaji mizani, na asiumize kichwa kama kipenyo ni milimita 4.50 au 4.52.

Umbali na usomaji ndivyo vinavyodai uangalifu. Kronografu moja ikikosea kwa asilimia 1 tu, kosa hilo huingia moja kwa moja kwenye logi. Kwa mita 30, logi nzima ni 0.197, hivyo kosa la 0.01 ni asilimia 5 ya jibu. Ukiziweka mita 10 tu, logi ni 0.066, na kosa lilelile huwa asilimia 15. Kronografu zote mbili zikikosea kwa pande tofauti, zidisha kwa mbili. Vizigeu vingi vya ajabu vinavyotajwa na watu, vya juu mno au vya chini mno, vinaelezeka kwa hesabu hii fupi. Dawa ni kuziweka kwanza kronografu zote mbili zikifuatana, karibu kabisa, na kupiga peleti kadhaa zipite zote. Tofauti utakayoiona ni ya vifaa, si ya hewa, na utaiondoa baadaye. Ukitaka uhakika zaidi, rudia jaribio zima baada ya kuzibadilishana nafasi. Tumia kasi mbili za peleti ileile iliyopita kote kuwili, usichukue wastani wa peleti hizi hapa na wastani wa peleti nyingine kule, maana bunduki nyingi hutofautiana mita 2 au 3 kwa sekunde kutoka mpigo hadi mpigo. Kronografu ya mbali ikingwe kwa ubao mnene au bamba la chuma lenye uwazi, na nyuma ya yote pawe na kizuizi imara.

Asiye na kronografu ya pili anaweza kutumia sauti. Unahitaji kronografu moja karibu na mtutu, bamba la chuma kama shabaha, na simu inayorekodi. Rekodi itaonyesha mshindo wa bunduki na mlio wa chuma, na muda kati yao husomwa kwa programu yoyote ya kuhariri sauti. Ugumu ni kwamba sauti nayo husafiri: katika mita 50 hutumia karibu sekunde 0.147. Iweke simu katikati kabisa, mita 25 kutoka bunduki na mita 25 kutoka shabaha. Sauti zote mbili zitachelewa kwa kiasi kilekile, na muda utakaosoma ni wa peleti peke yake. Kwa mfano wetu ni sekunde 0.247. Kama hewa isingekuwepo ungekuwa 0.208. Peleti ya kizigeu 0.018 ingetumia 0.255. Tofauti ya elfu nane za sekunde inaonekana wazi kwenye rekodi ya simu, ambayo kwa kawaida huchukua sampuli 44,100 kila sekunde. Nashangaa kwamba njia hii rahisi haitumiki zaidi.

Njia inayotumika zaidi, kwa bahati mbaya, ndiyo dhaifu kuliko zote: kupiga katika umbali kadhaa, kupima peleti imeteremka kiasi gani, kisha kuchezea kizigeu kwenye programu mpaka mstari ulingane na matundu. Hesabu inaikataa. Kwa mita 50, peleti ya 0.021 huteremka karibu sentimita 27 chini ya mstari wa mtutu. Ya 0.018 huteremka sentimita 28. Tofauti kubwa ya vizigeu, zaidi ya asilimia 14, inaleta sentimita moja na kidogo kwenye karatasi, wakati matundu yako yenyewe huenda yametawanyika kwa sentimita mbili. Kosa dogo la kupima urefu wa darubini juu ya mtutu, au kosa la mita moja katika umbali, linatosha kukifunika kizigeu kabisa. Programu itakubali na kukupa namba, na namba hiyo itakuwa imebeba makosa yote ya darubini yako kwa jina la kizigeu. Itakufaa katika umbali uleule uliopigia na kukuangusha kwingine.

Hewa yenyewe ina sauti katika jambo hili. Dar es Salaam au Mombasa, nyuzi 30 za joto, densiti ni takriban kilo 1.16 kwa mita ya ujazo. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, ni karibu kilo 1. Peleti yetu ikipimwa Nairobi na mtu akatumia ile 0.00014 bila kurekebisha, atapata kama 0.026 na kudhani amegundua peleti bora. Akizidisha jibu hilo kwa densiti aliyopimia na kugawanya kwa 1.225, atarudi 0.021. Wamarekani wana shida yao ya ziada: majedwali ya zamani ya jeshi lao yalitumia hewa ya kawaida yenye densiti ya 1.203, ya kimataifa ina 1.225, na tofauti hiyo ya karibu asilimia 2 husafiri kimyakimya kutoka jedwali hadi programu.

Kuna sababu ya kina zaidi ya watu wawili waaminifu kupata namba mbili kwa peleti ya kopo moja. Mtutu huibadilisha peleti. Mifuo huchonga kichwa na sketi, na mtutu uliobana mdomoni hupunguza kipenyo cha sketi. Bunduki ya springi hupiga peleti pigo la ghafla la hewa linaloweza kuitanua sketi tofauti na bunduki ya mtungi wa hewa iliyobanwa. Mzunguko nao una athari: peleti inayoyumba kidogo kuzunguka mstari wake huonyesha eneo kubwa zaidi kwa hewa na kupoteza kasi zaidi. Kilichotoka mtutuni si kile kilichotoka kwenye kopo, na kila mtutu una namna yake ya kukifanyia kazi.

Sababu nyingine ni G1 yenyewe. Kombora hilo la kielelezo lenye kitako bapa halina kiuno wala sketi, na ukinzani wake haubadiliki na kasi kwa namna ileile kama wa diabolo. Ndiyo maana kizigeu cha peleti kikipimwa kutoka kasi 280 hutofautiana na kikipimwa kutoka 200, hata kama mpimaji hakukosea chochote. Kasi ikikaribia ile ya sauti hali huharibika zaidi, kwa kuwa ukinzani hupanda kwa kasi na kizigeu kimoja hakiwezi kuifuata njia yote. Waingereza G. V. Cardew na G. M. Cardew, baba na mwana, walijenga utafiti wao wa bunduki za upepo juu ya majaribio badala ya majedwali ya kurithi, na huo naona ndio mwelekeo sahihi. Siku hizi rada ndogo za Doppler zinazouzwa kwa raia huifuata peleti tangu mtutuni na kutoa kasi yake katika umbali mwingi kwa mpigo mmoja. Kwa data ya aina hiyo mtu anaweza kuchora mchoro wa ukinzani wa peleti yake mwenyewe na kuachana na G1. Programu kadhaa tayari zinakubali mchoro wa namna hiyo, na risasi mpya za bunduki za upepo zisizo na kiuno, ngumu ndani na ndefu kuliko diabolo, zinadai hivyo zaidi kwa kuwa umbo lao ni tofauti kabisa.

Je, usumbufu huu wote una faida? Kwa anayepiga mita 10, hapana. Kwa anayepiga mita 50, ndiyo, na faida iko kwenye upepo kuliko kwenye mteremko. Kanuni ya wapiga mizinga, iliyoandikwa na Mfaransa Isidore Didion katika karne ya 19, inasema kwamba upepo wa ubavuni huipeleka risasi pembeni kwa kadiri ya muda uliocheleweshwa na hewa, wala si kwa muda wote wa safari. Peleti ya 0.021 imecheleweshwa sekunde 0.0384 katika mita 50. Upepo wa mita 2 kwa sekunde utaisogeza sentimita 7.7. Ya 0.018 itasogezwa sentimita 9.3. Katika mchezo wa kulenga shabaha za chuma nje, uliozaliwa Uingereza, ambako umbali wa mwisho ni yadi 55 na tundu la kulenga ni la milimita 40, kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita 20. Tofauti ya milimita 16 inayoletwa na kizigeu kisicho chako inaimaliza karibu nafasi yote hiyo. Sheria ya Uingereza inaruhusu bunduki ya upepo isiyozidi futi-pauni 12, yaani jouli 16.3, bila cheti cha silaha za moto, kwa hiyo mshindani hawezi kuukimbia upepo kwa kuongeza nguvu. Kinachobaki ni kuchagua peleti inayopoteza kidogo na kujua kwa hakika inapoteza kiasi gani.

Kwa hiyo namwomba msomaji anayepima asiandike kizigeu peke yake. Aandike pembeni yake bunduki na mtutu, kasi ya mwanzo, umbali kati ya vipimo, joto na kanieneo ya hewa, na kielelezo alichotumia. Watengenezaji nao watusaidie kwa jambo dogo lisilowagharimu chochote: wachapishe zile kasi mbili na umbali walioupima, na kizigeu tutakikokotoa wenyewe. Mpaka watakapofanya hivyo, namba iliyo kwenye orodha yao ni ya bunduki yao, na ya bunduki yako bado haijapimwa.